Nilipimwa kijiwe cha figo, wakakuta uvimbe juu ya figo nyingine

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa miaka 49, nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa. Mwezi wa pili nilishikwa na maumivu makali ya ubavu wa kulia usiku wa manane, nikatapika mpaka mume wangu akatafuta gari tukakimbilia Dodoma mjini. Nikafanyiwa kipimo cha CT, bila kuchomwa ile sindano ya dawa ya rangi. Walikuta kijiwe cha milimita 4 upande wa kulia. Nikapewa dawa, nikaambiwa ninywe maji mengi, na kweli kilitoka chenyewe.

Shida yangu ni mstari wa mwisho wa ripoti. Umeandikwa kwamba kwenye tezi ya adrenali ya kushoto kuna uvimbe wa sentimita 2.6 na unashauriwa uchunguzi zaidi. Daktari aliyenihudumia alikuwa na foleni ndefu, akaniambia tu nisiwe na wasiwasi, nirudi baada ya miezi sita wapige picha nyingine. Kuhusu uvimbe huo sijapimwa damu wala mkojo.

Tangu hapo silali. Shemeji yangu wa Dar es Salaam anasema twende India kabla haujasambaa. Mdogo wangu anasema nikatwe kinyama kipimwe, tujue moja. Jirani kaniletea unga wa mizizi wa kuyeyusha uvimbe, nakunywa kijiko asubuhi na jioni. Mume wangu yuko tayari kuuza mzigo wote wa mahindi uliopo ghalani.

Kwa upande wa afya, nina presha miaka sita sasa. Natumia amlodipini na losatani, na mwaka jana wakaniongezea dawa ya kukojosha, lakini bado inasoma 158 kwa 96 hata nikiwa nimetulia. Usiku misuli ya miguu inanikaza. Kwenye vipimo vya siku ile ya kijiwe waliandika potasiamu 3.1, sikuelezwa maana yake. Nimeongezeka tumbo, ila watu wananiambia nimenawiri. Sukari sina. Marehemu mama yangu naye alikuwa na presha, akapooza akiwa na miaka 54.

Naomba unijibu: hii ni saratani? Nikatwe kinyama? Nifanyiwe upasuaji? Na hiyo miezi sita ni sahihi kungoja?

Mama wa Kibaigwa, Kongwa

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kijiwe, na pole kwa hofu uliyoachiwa uende nayo nyumbani.

Nianze na saratani, kwa kuwa ndiyo inayokukosesha usingizi. Uvimbe wa sentimita 2.6 uliokutwa kwa bahati, kwa mtu ambaye hajawahi kuugua saratani sehemu yoyote ya mwili, kwa kiasi kikubwa sana huwa si saratani. Vivimbe hivi ni vya kawaida kuliko watu wanavyodhani: kwa wenye umri wa miaka 50 hivi hukutwa kwa karibu watu 3 kati ya 100 wanaopigwa picha za tumbo, na uzeeni hufikia 10 kati ya 100. Vingi ni adenoma, uvimbe usio na madhara ambao mtu angezeeka nao asijue kama anao. Saratani inayoanzia kwenye tezi yenyewe ni nadra mno, mtu mmoja au wawili kwa kila milioni kwa mwaka. Kwa hiyo hakuna sababu ya mume wako kuuza mahindi.

Ila kuna jambo katika barua yako limenishtua kuliko uvimbe wenyewe, na wewe umelipitia juujuu. Una presha inayokataa kushuka kwa dawa tatu, mojawapo ikiwa ya kukojosha, na potasiamu yako ni 3.1 wakati kawaida inaanzia 3.5. Weka mambo hayo mawili pamoja na uvimbe wa tezi ya adrenali. Hilo halisubiri miezi sita.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo. Ni ndogo, lakini ndizo zinazotengeneza kotisoli inayouwezesha mwili kuhimili shida, adrenalini inayokufanya moyo ukudunde ukishtuka, na aldosteroni inayoiambia figo ibakize chumvi na kutoa potasiamu. Wakati mwingine uvimbe kwenye tezi huzalisha mojawapo ya homoni hizi bila kusikiliza amri ya mwili, kama koki iliyoachwa wazi. Aldosteroni ikizidi, chumvi hubaki mwilini, presha hupanda na kugoma dawa, na potasiamu hupotea kwenye mkojo. Ndipo misuli inapokaza usiku.

Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Dawa ya kukojosha peke yake inaweza kuteremsha potasiamu, na presha sugu ina sababu nyingi. Lakini kila mwenye uvimbe wa adrenali ambaye pia ana presha anatakiwa apimwe aldosteroni pamoja na renini, homoni ya figo inayoamuru aldosteroni itengenezwe, na hicho ndicho kipimo ninachotaka ukiombe kwanza. Ni damu ya asubuhi, ukiwa umeamka na kutembeatembea kama saa mbili, kisha umekaa kidogo kabla ya kuchomwa. Potasiamu irekebishwe kwanza, maana ikiwa chini huishusha aldosteroni na jibu linaweza kutoka zuri kwa uongo. Kuirekebisha ni kazi ya daktari wako. Usijinunulie vidonge vya potasiamu duka la dawa, kwa sababu losatani nayo hubakiza potasiamu, na ikizidi husimamisha moyo.

Na tafadhali usiache dawa yoyote ya presha kwa kuwa umesikia zinaharibu kipimo. Ni kweli baadhi yake huchanganya majibu, hasa spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni, na daktari anaweza kubadilisha moja au mbili kwa wiki kadhaa. Akiona si salama kubadilisha, damu inachukuliwa hivyohivyo naye anasoma jibu akijua unatumia nini. Losatani na dawa ya kukojosha huipandisha renini. Kwa hiyo ikikutwa renini imelala chini kabisa wakati unazitumia, jibu hilo lina uzito mkubwa. Presha ya mama yako, na kupooza kwake akiwa bado na nguvu, ni sababu nyingine ya kutolichukulia jambo hili kirahisi: aldosteroni iliyozidi huumiza moyo na ubongo kuliko presha ya kawaida yenye kiwango kilekile.

Sasa turudi kwenye picha. Hapa umebahatika bila kujua. Ulipigwa CT bila dawa ya rangi kwa sababu walikuwa wanatafuta kijiwe, na picha ya namna hiyo ndiyo hasa inayohitajika kuutambua uvimbe wa adrenali. Huna haja ya kulipia nyingine kwa sasa. Rudi pale ulipopigwa, omba CD ya picha zako, kisha omba mtaalamu wa radiolojia apime msongamano wa ule uvimbe na aandike namba yake kwenye ripoti. Namba hiyo inaitwa ya Hounsfield, kwa heshima ya mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi ya kubuni mashine ya CT, pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Kwenye kipimo hicho maji ni 0, na mafuta yako chini ya hapo, karibu na hasi 100. Adenoma nyingi zimejaa mafuta ndani ya chembe zake, ndiyo maana namba yake huwa ndogo.

Mwongozo wa Ulaya kuhusu vivimbe vya adrenali, uliotolewa upya mwaka 2023, unasema hivi: uvimbe wenye rangi moja kote na namba ya 10 au chini yake hauna ubaya, na haudai picha nyingine tena, hata uwe mkubwa kiasi gani. Ukiwa na namba yako, tuseme ni 4, ile safari ya miezi sita haina kazi. Ungekuwa umetoa pesa na kupokea mionzi bure. Namba ikiwa kati ya 11 na 20, na uvimbe uko chini ya sentimita 4 kama wako na una rangi moja, yapo mawili: kufanya kipimo cha aina nyingine mapema, MRI kwa mfano, yaani picha ya sumaku, au kungoja miezi 12 na kurudia picha. Ikizidi 20, au uvimbe una mabaka, au umepita sentimita 4 na namba yake haiko chini, hapo haupaswi kuamuliwa na daktari mmoja. Wa homoni, wa upasuaji na wa picha wakae pamoja wautazame, na mara nyingi huishia kutolewa. Ripoti inayotaja ukubwa bila kutaja namba hii haijamaliza kazi, na mgonjwa ana haki ya kuirudisha.

Ikiwa mtaambizana kurudia picha, jua na kipi kihesabiwe kuwa ni kukua. Picha mbili za uvimbe uleule zinaweza kutofautiana milimita moja au mbili kwa sababu ya kupima tu. Kinachotiliwa maanani ni kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 na pia si chini ya milimita 5. Kwako wewe wa milimita 26, maana yake ni kupita milimita 31. Ukisomewa 27 au 28 mwakani, usiruhusu mtu akutishe nayo.

Kipimo cha pili ambacho kila mwenye uvimbe huu anastahili, awe na presha au asiwe nayo, ni cha kotisoli. Unameza miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa inayoiga kotisoli, saa tano usiku, kisha kesho yake kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi unachukuliwa damu. Vidonge vingi vina miligramu 0.5, kwa hiyo huwa viwili, lakini soma pakiti kwa sababu vipo vya miligramu 4 pia. Mwili wenye afya ukipata dozi hiyo hunyamazisha kotisoli yake. Jibu likiwa nanomoli 50 kwa lita au chini, ambayo maabara nyingine huandika mikrogramu 1.8, uvimbe wako hautengenezi kotisoli kwa siri. Likiwa juu ya hapo, kuna kazi ya kufanya, kwa kuwa kotisoli inayovuja kidogokidogo kwa miaka hupandisha presha na sukari, huongeza tumbo na kulainisha mifupa. Umesema watu wanakusifu umenawiri. Mimi ningependa kujua kama mikono na mapaja yamepungua huku tumbo likiongezeka, na kama ngozi yako siku hizi inachubuka au kuvilia damu kwa kugongwa kidogo.

Hapa naomba nikuulize jambo, nalo naliuliza kwa heshima na kwa wanawake wote wanaosoma hapa: kuna krimu yoyote unayopaka usoni au mwilini ya kung'arisha ngozi? Mkorogo mwingi una steroidi kali, yaani dawa za jamii ya kotisoli, ndani yake, na zile tembe za kunenepesha zinazouzwa kimyakimya nyingine ni deksamethasoni tupu. Zikitumika muda mrefu hulaza tezi za adrenali, hukupa uso wa mviringo na tumbo, na kuvuruga majibu ya kotisoli kiasi kwamba hata bingwa anaweza kupotea njia. Mwambie daktari ukweli, hakuhukumu. Na kama umezitumia kwa miezi, usiziache ghafla bila yeye kujua, kwa sababu tezi iliyolala haiamki siku hiyohiyo. Sindano za goti pia zitaje, nazo huweza kuwa za steroidi. Vilevile vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, zote huweza kufanya kipimo hiki kionekane kibaya wakati huna tatizo.

Ule unga wa mizizi uweke kando. Sijui kilichomo, wala jirani yako hajui, na unga wa namna hiyo mara nyingine huchanganywa na dawa za hospitalini. Hakuna mmea unaoyeyusha adenoma. Mshukuru jirani kwa upendo wake, usinywe.

Kuhusu kinyama, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa mkazo. Kuna uvimbe mmoja wa adrenali, hutokea mara chache, unaohifadhi adrenalini na wenzake kwa wingi. Ukichomwa sindano, homoni hizo zinaweza kumwagika kwa mara moja na presha ikapaa mpaka mtu akafia mezani. Tena sindano haina uwezo mzuri wa kutenganisha adenoma na saratani ya tezi, na kama ni saratani kweli, inaweza kuisambaza. Kinyama cha adrenali hufikiriwa kwa mtu ambaye tayari ana saratani mahali pengine na jibu lake litabadilisha matibabu, na hata huyo hupimwa kwanza kuhakikisha si uvimbe wa adrenalini.

Kipimo cha kuutafuta uvimbe huo huitwa metanefrini, kwa damu au kwa mkojo wa saa 24. Kama namba yako ya Hounsfield ni 10 au chini hukihitaji. Ikizidi 10, kifanyike kabla ya upasuaji wa aina yoyote, hata ule wa kijiwe endapo kitarudi, kwa sababu nusu kaputi nayo inaweza kuuamsha. Mwenye uvimbe huo mara nyingi hupata vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, vinavyokuja na kuondoka. Ukiwa na vipindi hivyo, mtu asikuanzishie propranololi au atenololi, dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kabla ya majibu.

Sasa upasuaji. Unafanyika pale uvimbe unapotoa homoni zinazokudhuru, au unapotiliwa shaka kwa picha, au unapokua kwa kiwango nilichokutajia. Nje ya hayo tunaacha tezi ikae. Na hata ikikutwa aldosteroni imezidi, kisu si njia pekee: spironolaktoni ni dawa ya bei nafuu inayofanya kazi vizuri kwa wengi, na presha yako inaweza kushuka kwa namna ambayo dawa hizi tatu zimeshindwa. Wanaotaka kutolewa tezi moja huhakikishiwa kwanza, kwa umri wako, kwamba homoni inatoka upande huohuo wenye uvimbe. Mara nyingine uvimbe uko kushoto na aldosteroni inatoka pande zote mbili, na huyo akikatwa hapati nafuu aliyoahidiwa. Uhakikisho huo ni wa kuchukua damu moja kwa moja kwenye mishipa ya tezi, kazi ya kitaalamu sana, na ndiyo hatua pekee ambayo inaweza kukulazimu kusafiri mbali. Lakini iko mbele huko. Shemeji yako ana nia njema, ila mwambie India si hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza iko hapahapa. Omba rufaa kwenda kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ukiwa na CD, ripoti, karatasi ya potasiamu na vidonge vyako vyote kwenye mfuko. Akiona unahitaji bingwa wa homoni, atakuandikia Muhimbili, na siku hizi treni ya umeme imepunguza adha ya safari hiyo. Kabla hujatolewa damu uliza kama sampuli inapimwa palepale au inasafirishwa, na kama bima yako inalipia, maana vipimo vya homoni havifanyiki kila maabara na hutaki kuambiwa bei ukiwa umeshafunga mkono.

Majibu yote yakiwa safi, yaani namba ndogo, kotisoli imenyamaza, aldosteroni sawa, basi hakuna picha ya kila mwaka wala homoni za kila mwaka. Utabaki na kupima presha na sukari kama mtu mwingine wa umri wetu, na utarudi kwa daktari kama presha itapanda upya, sukari itaingia, au utaanza kuota ndevu na sauti kuwa nzito. Hiyo ya ndevu na sauti ikija kwa haraka usiisubirishe hata wiki.

Nigeuke kidogo kwa wasomaji wengine ambao ripoti zao zimesema tezi zote mbili zimevimba. Kwenu maswali ni mengine. Katika nchi yetu lazima kifua kikuu kifikiriwe, kwa sababu kinapenda kukaa kwenye adrenali na kuzila taratibu. Daktari Thomas Addison aliueleza ugonjwa huo wa tezi kushindwa kazi tangu mwaka 1855, na wengi wa wagonjwa wa zama zake walikuwa na kifua kikuu. Hapo tatizo linakuwa upungufu wa homoni. Mtu hukonda, huishiwa nguvu, presha huwa chini, hutamani chumvi, na fizi na mikunjo ya viganja huwa myeusi kuliko alivyokuwa. Apimwe kotisoli ya asubuhi, na akianzishiwa rifampisini aangaliwe kwa karibu, kwa kuwa dawa hiyo huimaliza kotisoli haraka zaidi mwilini na inaweza kumwangusha.

Wewe, mama wa Kibaigwa, wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu urudie potasiamu na upimwe presha, usingoje siku ya bingwa. Endelea na soko lako kama kawaida, ila kunyanyua magunia waachie vijana mpaka presha itulie. Misuli ikilegea ghafla ukashindwa kusimama, moyo ukaruka mapigo, mdomo ukaenda upande au mkono ukafa ganzi, usiku au mchana, mume wako atafute gari lilelile mje Dodoma, na mkifika mapokezi mtaje potasiamu na uvimbe wa adrenali kabla ya kitu kingine chochote.